Mzee Wetu Yuko Tabora: Tuipime Vipi Nyumba ya Kulelea Wazee Kabla ya Kumkabidhi?



Sifa zote njema anastahiki Allah, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na Maswahaba zake.

Familia nyingi za Unguja na Pemba zina jamaa Tabora. Yuko shangazi aliyeolewa huko miaka ya nyuma akafiwa na mume. Yuko ami aliyekwenda kufanya biashara akahamia moja kwa moja. Yuko bibi ambaye watoto wake wametangulia mbele ya haki na wajukuu wametawanyika. Maadamu mzee ana nguvu, simu ya Ijumaa na pesa za sikukuu hutosha. Siku anapoanguka uani na kulala hapo mpaka jirani amuone, ukoo wote hukutana na suali huwa moja: tumpeleke kwenye nyumba ya wazee, na tutajuaje kama ni pazuri?

Makala hii inajibu masuali mawili pamoja, kwa sababu hayatenganishiki. La kwanza ni la sharia: wajibu wa mzee huyu uko juu ya nani, na inajuzu kumkabidhi kwa watu wengine? La pili ni la kuangalia kwa macho: nyumba hiyo ipimwe kwa vitu gani?

JAMAA ZETU WALIFIKAJE TABORA

Njia ya misafara ilianzia pwani, Bagamoyo na bandari za jirani, ikapita Ugogo mpaka Unyanyembe, na kutoka hapo ikaendelea hadi Ujiji katika Ziwa Tanganyika. Tabora ilikuwa kituo kikubwa cha katikati. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili kutoka Unguja walijenga huko, wakapanda miembe na wakaoa. Muhammad bin Juma, baba yake Hamed bin Muhammad aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, alikuwa na maskani yake karibu na Tabora. Wapagazi wa Kinyamwezi nao walishuka pwani na mizigo, na wengine wakavuka hadi Unguja na kubakia kwenye mashamba ya mikarafuu. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, kwenda na kurudi kukawa kwepesi zaidi.

Mji wa namna hiyo huwa na wazee wengi waliozeeka mbali na kwao. Wamo wajukuu wa wapagazi, wa watu waliotekwa Manyema na kuletwa kwa nguvu, na wa wafanyabiashara wenyewe. Wengine ukoo wao uko karibu. Wengine ukoo wao uko visiwani na haujui hata mtaa wanaokaa. Kwa hiyo suala hili si la mbali nasi. Kuunga udugu kunavuka bahari kama biashara ilivyovuka.

NYUMBA ZILIZOPO, NA WALE ZILIOWEKEWA

Tanzania Bara ina makaazi ya wazee yanayoendeshwa na Serikali katika mikoa mbalimbali. Tabora yapo ya Ipuli, Shinyanga yapo ya Kolandoto, na Mwanza, wilaya ya Misungwi, yapo ya Bukumbi. Baadhi ya makaazi ya namna hii yana historia ya kuhudumia watu waliougua ukoma, ambao jamii iliwatenga hata baada ya kupona. Visiwani sote tunazijua nyumba za Sebleni na Welezo kwa Unguja, na Limbani kwa Pemba.

Kabla ya kuuliza kama nyumba ni nzuri, ulizeni imewekwa kwa ajili ya nani. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, inayomhesabu mzee kuanzia miaka 60, inasema malezi ya mzee ni kazi ya familia na jamii, na makaazi ya Serikali ni njia ya mwisho kwa asiyejiweza na asiye na wa kumtunza. Ndiyo maana mzee hapokelewi kwa kufikishwa mlangoni tu. Huanzia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na huulizwa kama ana ndugu.

Hapa pana mtihani wa ukweli. Familia yenye uwezo inayomwambia afisa kwamba mzee hana mtu, ili apokelewe bure, imekusanya makosa matatu: imesema uongo, imemkana jamaa wa damu, na imechukua kitanda cha maskini ambaye kweli hana mtu. Nafasi hiyo ni mfano wa mali ya baitul-mali. Imesimuliwa kwamba Sayyidna Umar bin al-Khattab (Radhiya Allahu 'anhu) alimkuta mzee wa Ahlul-Kitab akiombaomba, akamshika mkono akampa cha nyumbani kwake, kisha akamuagiza mtunza hazina amuangalie yeye na wenziwe wa hali yake. Kwa hiyo kuwepo nyumba ya umma kwa wazee ni jambo lenye asli njema katika Uislamu. Kinachokatazwa ni aliye na wa kumlea kuingia mahali pa asiye naye.

Mbali na za Serikali, zipo nyumba za taasisi za dini. Masista wa shirika la Mama Teresa walifungua nyumba yao Tabora mwaka 1968, kwa ajili ya watu walioachwa bila msaada. Nyumba za watu binafsi za kulipia ni chache nchini, na nyingi huwa miji mikubwa.

WAJIBU UKO JUU YA NANI

Katika Suratul-Israa, aya ya 23 na 24, Allah (Subhaanahu wa Ta'ala) ameambatanisha amri ya kumuabudu Yeye peke Yake na amri ya kuwatendea wema wazazi. Akataja khasa wanapofikia uzee wakiwa kwa mtoto wao, na akakataza hata neno dogo la kuonesha kuchoshwa nao. Maulamaa wamezingatia kwamba aya imetaja uzee ukimfika mzazi akiwa mikononi mwa mtoto. Huko ndiko asli ya mahali pake.

Katika madhehebu ya Imam Shafi (Rahimahullah), nafaka ya lazima kwa jamaa ni ya wazazi na kwenda juu, yaani babu na bibi, na ya watoto na kwenda chini, pale mwenye kupewa anapokuwa muhitaji na mwenye kutoa ana ziada ya mahitaji yake na ya mkewe. Nafaka ni chakula, nguo, makaazi, na mtu wa kumhudumia akiwa hawezi kujihudumia. Watoto wakiwa wengi na wana uwezo, wajibu ni wa wote. Aliye Muscat au London hakusamehewa kwa kuwa yuko mbali, na aliyebaki karibu hatakiwi kubebeshwa peke yake.

Shangazi, mama mdogo, ami na mjomba hawamo katika nafaka ya lazima kwa madhehebu ya Shafi. Madhehebu ya Hanafi yameipanua kwa jamaa walio maharimu, na ya Hanbali kwa wanaorithiana, wakitazama mwisho wa hukmu za kunyonyesha katika Suratul-Baqarah, aya ya 233. Lakini asiyelazimika kutoa nafaka bado analazimika kuunga udugu. Na katika Sahihi al-Bukhari, Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) alipohukumu juu ya malezi ya binti wa Hamza, alimpa mama yake mdogo, akaeleza kwamba dada wa mama ana daraja ya mama. Aliyelelewa na mama mdogo asijifiche nyuma ya mas-ala ya fiqhi.

Ipo faida nyengine kwa wasio watoto. Zaka haijuzu kumpa mzazi muhitaji kwa fungu la mafukara maadamu nafaka yake ni wajibu wako. Ama shangazi au ami fukara, anaweza kupewa, na kumpa jamaa kuna malipo ya sadaka na ya kuunga udugu kwa pamoja. Lililo mashuhuri kwa Mashafi ni kwamba zaka hugaiwa pale mali ilipo, na wapo maulamaa walioruhusu kuihamishia kwa jamaa muhitaji. Mwenye zaka visiwani amuulize sheikh wake kabla ya kutuma Tabora.

JE, INAJUZU KUMKABIDHI?

Kumkabidhi mzee kwa watu wa kumtunza si haramu kwa dhati yake. Inaweza kujuzu, na wakati mwengine ikawa bora kuliko kumwacha alivyo, kwa masharti manne.

Kwanza, pawe na haja ya kweli. Mzee anahitaji kugeuzwa kitandani, dawa za sukari na presha kwa saa maalumu, au mtu wa kumzuia asitoke usiku na kupotea, na nyumbani hakuna awezaye. Kuona haya mbele ya wageni au kutaka chumba chake kipangishwe si haja.

Pili, pawe na ridhaa yake akiwa na akili zake. Mzee hachukuliwi kwa hila. Kumwambia tunakwenda kumtembelea mtu, kisha mkamwacha huko, ni khiyana, na mwenye kufanyiwa hivyo hulala akiulizia kwao miezi kadhaa. Aliyepotewa na kumbukumbu naye aelezwe kwa upole na arudiliwe kuelezwa, hata kama atasahau.

Tatu, nyumba ilinde dini yake, mwili wake na heshima yake. Hili ndilo la kupima, na tutalifafanua.

Nne, jamaa waendelee na wajibu wao. Kinachohamishwa ni kazi ya mikono. Gharama, kumzuru, kufuatilia afya yake na kumuombea dua vinabakia kwa familia.

Wala msisahau upande wa pili. Kumwacha mzee peke yake kijijini kwa jina la kumuenzi kunaweza kuwa dhulma kubwa zaidi. Katika maeneo ya Unyamwezi na Usukuma, vikongwe wameshambuliwa na kuuawa kwa tuhuma za uchawi, na wengine alama waliyohukumiwa nayo ni macho mekundu yaliyoharibiwa na moshi wa kuni kwa miaka mingi ya kupika. Mama mjane asiye na mtu mahali pa namna hiyo hajatunzwa kwa kutumiwa pesa tu.

NAMNA YA KUIPIMA NYUMBA

Mtu wa familia asafiri. Picha za simu haziwezi kubeba harufu, na msimamizi hatatuma picha ya chumba kibovu. Akae Tabora siku tatu au nne, aende mara moja kwa miadi, kisha aombe kurudi kwa nyakati tofauti: asubuhi mapema wazee wanapoamshwa, na baada ya Magharibi wafanyakazi wanapopungua. Pakiwa na kukataa kusikokuwa na sababu, hilo ni jibu. Aangalie haya:

1. Maji na tahara. Hapa ndipo pa kuanzia, kwa sababu afya na ibada zote mbili zinasimama juu yake. Tabora ina kiangazi kirefu, na kwa miaka mingi maji yalikuwa taabu mpaka yalipoletwa ya Ziwa Victoria. Uliza: maji yakikatika pana tangi? Yanafika chooni, au hubebwa kwa ndoo? Pana kopo la kuchambia? Mlango wa choo unapitisha kiti cha magurudumu, na pana chuma cha kushikilia? Mzee asiyezuia mkojo hubadilishwa mara ngapi, na usiku je? Harufu ya mkojo iliyokaa kwenye magodoro inakueleza usiku ulivyokuwa.

2. Swala. Mfanyakazi wa nyumba asiye Muislamu si lazima ajue fiqhi, lakini lazima akubali kumkumbusha mzee wakati na kumletea maji. Mzee anayeweza kusimama husimama, asiyeweza hukaa, asiyeweza hulala ubavu, kisha huashiria. Aliyekatazwa maji na daktari hutayamamu, basi pawe na udongo safi. Mwenye maradhi ya kutozuia mkojo hujisafisha na kutawadha kwa kila fardhi baada ya kuingia wakati wake. Kukusanya Swala mbili kwa maradhi si kauli mashuhuri ya madhehebu ya Shafi, lakini Imam Nawawi ameipa nguvu kauli ya kuruhusu, na ni wepesi mkubwa kwa mzee anayegeuzwa na mtu. Mwachieni kitanda kinachoelekea Qibla, au mumuoneshe mfanyakazi upande wenyewe kwa mkono. Aliyeondokewa na akili kabisa hana taklifu ya Swala. Hata hivyo hasitishiwi kuoshwa na kuvikwa nguo safi.

3. Stara. Ulizeni kwa jina: nani anamuogesha mama? Mwanamke huogeshwa na mwanamke, mwanamme na mwanamme, na hufunuliwa kwa kadiri ya haja. Dharura ina hukmu yake, lakini upungufu wa kila siku hauitwi dharura. Angalieni kama pana pazia baina ya vitanda, na kama mama anayevaa mtandio anabakishwa nao wageni wanapopita.

4. Mwili wake. Kwa wazee waliokwishakaa hapo, tazameni kucha, midomo, miguu na nguo. Kikombe cha maji kiko karibu na mkono wa mzee, au kiko dirishani asipofika? Ulizeni juu ya vidonda vya kulala, ambavyo hutokea mgongoni, kiunoni na visiginoni kwa asiyegeuzwa. Nyumba nzuri haitasema havijawahi kutokea. Itaeleza inavyogeuza wagonjwa, kwa saa ngapi, na nani anaandika. Muulize pia kuhusu baridi, kwani usiku wa Juni na Julai Tabora si kama wa Mji Mkongwe, na mzee wa pwani anahitaji blanketi zaidi ya moja.

5. Usiku. Wafanyakazi wangapi wanabaki, na kwa wazee wangapi? Kama ni mlinzi wa geti tu, basi hakuna anayelea usiku. Mzee akipandwa na homa saa nane za usiku, anapelekwaje hospitali ya rufaa ya Kitete, kwa gari ya nani, na familia inapigiwa simu saa ngapi?

6. Dawa. Ombeni kuoneshwa daftari la dawa. Jina, kipimo, saa na saini ya aliyempa viwemo. Dawa za wazee wote zilizochanganywa kwenye boksi moja ni hatari hata kama nyoyo za wafanyakazi ni njema. Muulizie pia kitambulisho cha matibabu. Sera ya Afya ya mwaka 2007 imeweka msamaha wa gharama kwa wazee wasiojiweza, lakini msamaha haumfai asiyekuwa na karatasi.

7. Chakula. Pawe na uhakika wa nyama ya halali, na asiwepo wa kumlisha mzee kitu kilichoharamishwa akiwa hana habari. Kisha tazameni kama kinalika. Ugali mgumu na maharage yasiyoiva havimfai asiye na meno, ilhali kisamvu cha karanga, uji na viazi vilivyopondwa vinapatikana Tabora kwa wepesi. Kaeni wakati wa kula, muone anayelishwa analishwa kwa subira au anasukumiwa kijiko. Mwezi wa Ramadhani ulizeni kuhusu daku na futari. Mzee aliyeshindwa kufunga moja kwa moja hutolewa fidia ya kibaba cha chakula kwa kila siku, nayo familia iipange mapema.

8. Mlango na simu. Mzee anaweza kutoka uani akitaka? Anapata simu akaongea bila mtu kusimama juu yake? Wageni wanapangiwa siku moja kwa mwezi, au wanakaribishwa?

9. Mali yake. Pesa anayopelekewa inaandikwa wapi? Nyumba njema haichukui pete, hati ya kiwanja wala kadi ya benki. Na familia nayo ijichunge: mzee kuingia nyumba ya wazee hakumtoi kwenye umiliki wake. Anayeuza nyumba ya aliye hai bila ya ridhaa yake, au anayempigisha dole gumba asilolifahamu, amekula mali kwa batili. Mirathi hufunguliwa na mauti.

10. Siku ya mwisho. Watu huona haya kuliuliza, nalo ni miongoni mwa makubwa. Dini yake iandikwe kwenye faili lake. Awepo imamu au Waislamu wa msikiti wa karibu wanaomjua kwa jina, ili akifa Alkhamisi usiku asingojee mpaka jamaa wavuke bahari. Aoshwe, akafiniwe, asaliwe na azikwe na ndugu zake katika imani. Yapo makaburi ya Waislamu Tabora tangu zama za misafara. Asizikwe mzee wetu bila ya Swala kwa sababu tu hakuna aliyejua kuwa ni Muislamu.

Katika kupima haya yote, kumbukeni kisa cha watu watatu waliofungiwa pangoni, kilichopokewa na Bukhari na Muslim. Mmoja wao aliomba kwa amali ya kuwangojea wazazi wake wazee na maziwa mkononi mpaka alfajiri, kwa kuchukia kuwaamsha. Muda ulikuwa wa wazee, na mhudumu ndiye aliyengoja. Basi ulizeni katika nyumba mnayoitazama, nani anamngoja mwenziwe. Pakiwa wazee wote wanalazwa saa kumi na moja jioni ili wafanyakazi wawahi kuondoka, jibu mmelipata. Na pakiwa na kijana anayesimama kimya akimngoja bibi amalize tonge lake, hata kama kuta zimechakaa na rangi imebanduka, hapo pana kheri.

NYUMBA INAYOENDESHWA NA WASIO WAISLAMU

Wengi huuliza hili kwa Tabora, kwa sababu kazi ya masista huko inajulikana. Kupokea huduma ya tiba na malezi kwa asiye Muislamu mwaminifu kunajuzu kwa asli yake, na wema wao hulipwa kwa shukrani na haki. Linalotazamwa ni dini ya mzee. Akiwa na uwezo wa kuswali bila ya kuzuiwa, halali yake ikahifadhiwa, asiingizwe kwenye ibada isiyo yake, na jamaa na Waislamu wa mji wakaruhusiwa kumzuru na kumsomea, basi mwenye haja hana lawama. Kikikosekana kimoja katika hivyo, na ipo njia nyengine, isichaguliwe. Muambieni msimamizi mapema na kwa adabu. Wengi watawaheshimu kwa kusema wazi.

Na lawama kidogo ituguse sisi. Ikiwa Waislamu wa Tabora na wa visiwani hatuna nyumba ya kutosha ya kulea wazee wetu, hilo ni fungu la fardhi ya kutosheleza linalongoja wenye mali. Mababu zetu waliweka wakfu visima, misikiti na mashamba. Wakfu wa vyumba vichache, na shamba la kuvilisha, haujatoka katika njia yao.

ANGALIENI NJIA NYENGINE KWANZA

Kabla ya kuamua, wekeni mezani njia tatu na mzipigie hesabu kwa mwezi.

Ya kwanza ni kumwacha nyumbani kwake na kumlipa mlezi, ikiwezekana wawili wanaopokezana, mmoja wao mwanamke mtu mzima anayejulikana na majirani. Wekeni jirani au imamu wa mtaa awe jicho lenu, apite bila ya taarifa. Mara nyingi njia hii ndiyo mzee anayoipenda, kwa sababu msikiti, mwembe na sauti za mtaa anazijua.

Ya pili ni kumleta kisiwani. Ni wema mkubwa pakiwa na mtu wa kumkalia. Lakini safari ya reli au basi hadi Dar es Salaam na kisha boti ni nzito kwa mgonjwa, hivyo muulizeni daktari kwanza. Msijenge hesabu juu ya pensheni jamii iliyoanza Zanzibar Aprili 2016 kwa wenye miaka 70 na zaidi, kwani imewekwa kwa wakaazi wa Zanzibar, na aliyeishi Tabora maisha yake yote asidhaniwe kuwa ataipata kwa kuvuka tu. Na msimlete kwa kumzungusha mwezi kwa mwezi nyumba hii na ile mpaka akajiona mzigo.

Ya tatu ndiyo nyumba ya wazee. Ikiwa ya Serikali, kwa yule ambaye kweli familia yake haiwezi, elezeni hali yenu kwa afisa ustawi wa jamii kama ilivyo, na ahidini kuchangia mnachoweza. Familia inayojitokeza na kupeleka hata sabuni na nepi za watu wazima huwasaidia na wasio na mtu waliolala vitanda vya jirani.

BAADA YA KUMKABIDHI

Andikeni ratiba kwenye karatasi: nani anapiga simu siku gani, nani anatuma fedha, nani anasafiri kila baada ya miezi mitatu. Jambo la wote lisiloandikwa huwa la dada mmoja. Anayekwenda amtazame mgongo na visigino, ahesabu dawa, na aongee na mzee wakiwa wawili tu. Amuulize, "Shangazi, usiku ukiita, nani anakuja?" Akitaja jina la mtu, mshukuruni huyo kwa jina na kwa zawadi. Akinyamaza, msiondoke Tabora kabla ya kujua sababu.

Na akiomba kurudi nyumbani akiwa na akili zake, arudishiwe shauri upya. Ridhaa ya mwaka jana haimfungi.

Tunamuomba Allah awahifadhi wazee wetu walio karibu na walio mbali, awape mwisho mwema, awasamehe waliotangulia, na atujaalie watoto watakaotutazama tutakapofikia pale walipofika wao. Aamiin.

Wallahu a'lam.